Hati ya Mwananchi: Kutoka Sandukuni hadi Simuni

Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka kandokando ya Ziwa Kivu. Katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke nyumba na makanisa yalianguka, na nchini Rwanda watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Hakuna hasara iliyo kubwa kuliko roho za watu. Hata hivyo, nyumba inapoanguka huanguka pamoja na sanduku lililomo ndani yake, na mara nyingi sandukuni ndimo zilimo karatasi za jamaa: cheti cha ndoa, cheti cha shule cha mtoto, na hati ya shamba. Aliyeokoka hulazimika kuanza upya pasipo ushahidi wa kile alichokuwa nacho.

Kwa sababu hiyo, suala la kuacha karatasi na kuhifadhi nyaraka kwa mitambo si suala la maofisi ya Kigali peke yake. Linamhusu pia mkulima wa mpunga wa Bugarama, na mvuvi wa kisiwa cha Nkombo.

Serikali ya Rwanda imekwisha kupiga hatua kadhaa. Sheria ya mwaka 2010 ilizipa nyaraka na sahihi za elektroniki nguvu ya kisheria. Mwaka 2015 ulianzishwa mtandao wa Irembo, neno ambalo kwa Kinyarwanda maana yake ni lango, ili wananchi waombe huduma za serikali bila kupanga foleni. Kazi ya kuandikisha ardhi nchi nzima, iliyokamilika mwaka 2013, iliorodhesha vipande zaidi ya milioni 10. Na mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Ardhi ilianza kutoa hati za elektroniki badala ya zile za karatasi.

Sambamba na hatua hizo, wananchi wenyewe wamepata chombo mikononi mwao. Programu ya simu huipiga picha karatasi, huinyoosha pale ilipopinda, huondoa kivuli, hukoza maandishi, kisha huifanya kuwa jalada moja linaloweza kutumwa na kuhifadhiwa katika kile kiitwacho wingu. Wingu hilo haliko angani. Ni majengo yenye mitambo mikubwa ya kuhifadhi kumbukumbu, mengi yakiwa katika nchi za mbali. Manufaa yake ni dhahiri: simu ikizama ziwani au nyumba ikiungua, nakala hubakia salama.

Lakini hapana budi kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Picha ya hati si hati. Anayevuka daraja la mto Rusizi kwenda Bukavu hudaiwa kitambulisho chenyewe. Vivyo hivyo, anayenunua shamba kwa kutazama picha iliyomo katika simu ya muuzaji anajitia hatarini, kwa kuwa picha huweza kubadilishwa. Haki ya mwenye ardhi inalindwa na daftari la serikali. Katika daftari hilo wanandoa waliooana kisheria huandikwa wote wawili. Mjane ambaye jina lake limo daftarini ana pa kusimamia hata kama karatasi imepotea. Lakini ikiwa kumbukumbu zote za jamaa zimo katika simu ya marehemu, naye amezikwa na neno lake la siri, mjane huyo hana tofauti na aliyefukiwa sanduku na tetemeko.

Jambo la pili ni mpangilio. Mkoa wa zamani wa Cyangugu ulivunjwa mwaka 2006, na sehemu yake kubwa ikawa wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Kabla ya hapo komini kama Cyimbogo na Gishoma zilikwisha kuondolewa katika muundo wa utawala. Kwa hiyo karatasi nyingi za wazee hutaja maeneo ya utawala ambayo hayapo tena. Picha ya karatasi ya namna hiyo, ikihifadhiwa bila jina la mwenyewe, mwaka, na mahali panavyojulikana sasa, itakuwapo lakini haitaonekana.

La tatu ni siri. Wengi wasio na simu za kisasa huenda kwa wakala, wakamwachia picha ya kitambulisho pamoja na neno la siri. Nakala hiyo ikibaki katika simu ya mtu mwingine, yaweza kutumiwa kwa jambo ambalo mwenyewe hakulikubali. Sheria ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa za watu inampa mwananchi haki ya kudai nakala hiyo ifutwe. Haki isiyojulikana kwa mwenyewe, hata hivyo, haimsaidii.

Rwanda inao mfano mwema wa kuigwa. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilishughulikia kesi karibu milioni 2 na kuacha kurasa zinazokadiriwa kufikia milioni 60, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Kurasa hizo zilipoanza kupigwa picha ili zisipotee, karatasi za asili hazikutupwa. Karatasi na picha kila moja ina kazi yake, na moja ikiharibika nyingine husema.

Hilo ndilo jambo la kuzingatiwa katika kila nyumba ya Rusizi. Karatasi ya asili itunzwe mahali pakavu; nakala iwekwe katika simu, na nyingine mbali na nyumba; na mtu mmoja wa kuaminiwa katika jamaa ajue namna ya kuzifikia. Juu ya yote, kila mwenye shamba ahakikishe kwamba jina lake limo katika daftari. Kuacha karatasi ni maendeleo ikiwa tu haki iliyoandikwa juu yake haikuachwa pamoja nayo.