Sifongo: Mnyama asiye na neva wala ubongo

KATIKA vibanda vya Free Area, Nakuru, sponji ya kuogea huuzwa kando ya sabuni. Nyingi ya hizo ni plastiki ya kiwandani. Lakini sponji ya asili hutoka baharini, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, nayo ni mabaki ya mnyama!

Mnyama huyo ni sifongo, yule anayetajwa katika Injili. Hana neva, ubongo, moyo, mdomo wala tumbo. Akishakomaa hahami; hushika mwamba na kukaa papo hapo.

Je, hula vipi? Mwili wake umejaa vitundu. Ndani mna seli zenye vijimkia ambavyo hupigapiga na kuvuta maji. Bakteria hunaswa na kuliwa, kisha maji hutokea kwenye tundu kubwa. Ni katika miaka ya 1820 ambapo Robert Grant wa Uskoti aliyaona maji hayo yakitiririka. Kabla ya hapo, wengi walidhani sifongo ni mmea.

Wanafunzi wakumbuke kwamba faila yake ni Porifera, yaani wenye vitundu. Ina ngeli nne: sifongo wa chokaa, sifongo wa kioo, homoskleromorfa na demospongia. Hii ya mwisho ndiyo kubwa zaidi, na ndimo walimo sifongo wa kuogea.

Wako pia plakozoa, viumbe bapa wa milimita chache tu, ambao nao hawana neva. Hao wana faila yao wenyewe. Wa kwanza alielezwa mwaka 1883, baada ya kuonekana katika tangi la samaki huko Austria.

Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kwenye kitambaa hadi seli zikatawanyika. Seli hizo zilitafutana, zikashikana na kuwa sifongo tena.

Uwezo huo sasa unaleta riziki. Huko Jambiani, Zanzibar, joto la bahari lilipoharibu mwani, baadhi ya wanawake waligeukia ukulima wa sifongo. Hukata kipande, hukitundika kwenye kamba majini, nacho hukua. Baada ya kuvunwa, sifongo husafishwa na kuuzwa kwa watalii.

Kwa hivyo mzazi, mtoto akikuuliza kama sponji iliwahi kuwa hai, usimcheke. Ya plastiki, la. Ya Jambiani, naam.