Ulinganifu wa vipuri vya pikipiki za CG

Ulinganifu wa vipuri vya pikipiki za CG ni kiwango ambacho vipuri (au spea) vya pikipiki zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali kwa kuiga muundo wa Honda CG125 vinaweza kubadilishana bila kuchongwa wala kulazimishwa. Pikipiki hizo hutumika kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, hasa kwa biashara ya bodaboda. Kwa kuwa majina yaliyoandikwa kwenye tangi ni mengi lakini muundo wa injini ni mmoja, mmiliki mara nyingi hununua kipuri chenye jina tofauti na la pikipiki yake. Baadhi ya vipuri hivyo hufanya kazi vizuri, vingine huingia lakini huharibu injini au huhatarisha abiria.

Historia

Wazo la vipuri vinavyobadilishana lilianza katika utengenezaji wa bunduki. Mnamo 1785 fundi bunduki Mfaransa Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, sehemu za kufyatulia bunduki ambazo ziliweza kuunganishwa kwa kuchukua kipande chochote kutoka kila fungu. Kabla ya hapo kila bunduki ilichongwa peke yake, na kipande chake hakikuingia katika nyingine bila kupigwa tupa.

Honda ilianza kuuza CG125 katikati ya miaka ya 1970. Ilikusudiwa kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na hupata matengenezo machache. Kwa sababu hiyo kamu yake iliwekwa chini, huzungushwa kwa gia, na valvu husukumwa kwa fito ndefu. Haina cheni ya taimingi inayohitaji kukazwa. Nchini Brazili ilianza kutengenezwa mwaka 1976.

Baadaye viwanda vingi vya China, hasa vya mji wa Chongqing, vilitengeneza injini za muundo huo. Miongoni mwake ni Lifan, Loncin na Zongshen. Viwanda vya kuunganisha pikipiki vilinunua vipuri kutoka kwa watengenezaji wadogo walewale, hivyo vipimo vingi vikawa vya pamoja ingawa majina yalitofautiana. Mwaka 2001 Honda yenyewe iliunda kampuni ya ubia na Sundiro, kampuni ya China iliyokuwa ikitengeneza pikipiki za kuiga.

Nchini Tanzania majina kama SanLG, Fekon na T-Better yamejulikana sana barabarani. Modeli zao nyingi za cc 125 na cc 150 zina injini za familia ya CG.

Msimbo wa injini

Kitu kinachosaidia zaidi kutambua kipuri ni msimbo uliopigwa mhuri kwenye injini, si jina la pikipiki. Mfano wa msimbo ni 156FMI:

- 1 ni idadi ya silinda;
- 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, bila desimali;
- F ni injini inayopozwa kwa upepo;
- M ni injini ya pikipiki;
- I ni kundi la ukubwa wa cc 125.

Vivyo hivyo 162FMJ ni injini ya silinda moja yenye kipenyo cha milimita 62 na ukubwa wa cc 150. Kipenyo kamili cha CG ya cc 125 ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. CG ya cc 150 kwa kawaida ina mwendo uleule wa pistoni, ila silinda imepanuliwa.

Msimbo hauonyeshi mfumo wa valvu. Injini mbili zinaweza kuwa na msimbo unaolingana, moja ikiwa na fito na nyingine ikiwa na cheni ya taimingi. Kichwa cha silinda, gasketi na bloku za injini hizo havibadilishani.

Vipuri vinavyobadilishana kwa urahisi

Vipuri vinavyofuata kipimo cha kimataifa havijali jina la pikipiki. Beringi yenye namba ileile ina vipimo vilevile popote ilipotengenezwa. Cheni ya namba 428 ina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Tairi la 3.00-18 huingia kwenye rimu yoyote ya inchi 18 yenye upana unaofaa.

Plagi pia hufuata kipimo. Plagi ya D8EA inayotumika katika CG ina uzi wa milimita 12 kwa upana na milimita 19 kwa urefu. Plagi ya C7HSA, inayotumika katika pikipiki ndogo za muundo wa Honda Cub, ina uzi wa milimita 10 na haiingii katika CG.

Fito za valvu, ringi na pistoni za CG za ukubwa mmoja kwa kawaida hubadilishana, mradi silinda haijachongwa. Ikiwa bloku ilishachongwa, inahitaji pistoni na ringi za ovasaizi inayolingana.

Vipuri vinavyofanana bila kulingana

Makosa mengi hutokea kwa vipuri ambavyo macho hayawezi kuvitofautisha. Bajaj Boxer BM150 ya India ina silinda ya milimita 56, CG125 milimita 56.5 na Suzuki GN125 milimita 57. Tofauti ni nusu milimita tu, lakini injini hizo ni za familia tatu.

Hata ndani ya familia ya CG kuna tofauti zifuatazo:

- Sproketi ya mbele. Shafti nyingine ina kipenyo cha milimita 17 na nyingine milimita 20.
- Klachi. Idadi ya sahani hutofautiana kati ya modeli, na kimo cha kikombe chake hubadilika pamoja nayo.
- Sidiai. Aina moja hupata umeme kutoka koili ya injini, nyingine kutoka betri. Ikiwekwa isiyo yake, plagi haitoi cheche au kifaa huungua.
- Kabureta. PZ26 ni ya kawaida kwa cc 125 na PZ27 kwa cc 150. Zinaweza kufungwa mahali pamoja, lakini kiasi cha mafuta si kimoja.
- Vioo vya pembeni. Uzi ni wa milimita 8 au 10, na upande mwingine huweza kufungwa kinyume.

Sababu nyingine ni namna ya kuiga. Mtengenezaji aliyepima kipande kimoja anajua ukubwa wa kipande hicho, lakini hajui tofauti ndogo iliyoruhusiwa na mchoro wa awali. Akiongeza tofauti yake juu ya ile iliyokuwepo, kipuri kitaingia katika injini moja na kukataa katika nyingine.

Hali ya Sekei na Arusha

Sekei ni kata ya Jiji la Arusha kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Jiji liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa kwa Dar es Salaam hutoa mafuta mengi mno kwa hewa ya Arusha. Dalili zake ni plagi kuwa nyeusi, moshi na matumizi makubwa ya petroli. Kwa hiyo kipuri kinacholingana kwa umbo bado huhitaji kurekebishwa kulingana na mahali.

Milima pia huathiri uchaguzi wa sproketi. Kubadilisha sproketi ya mbele kutoka meno 15 hadi 14 huongeza nguvu ya kupanda kwa takriban asilimia 7, na mwendo kasi hupungua kwa kiwango kinachokaribia hicho.

Usalama

Kipuri cha injini kisicholingana mara nyingi humtia mmiliki hasara ya fedha. Kipuri cha breki kisicholingana kinaweza kuua. Ngoma za breki ziko za milimita 110 na za milimita 130, na upana wa breki shuu pia hutofautiana. Shuu nyembamba kuliko ngoma huingia bila shida na gurudumu huzunguka, lakini hushika sehemu tu ya ngoma. Kasoro hiyo haionekani kwenye barabara tambarare, bali kwenye mteremko mrefu pikipiki ikiwa na abiria.

Vivyo hivyo cheni mpya haifai kufungwa juu ya sproketi zilizochakaa hata kama namba zinalingana. Meno yaliyoliwa huiharibu cheni upesi, na cheni ikikatika huweza kufunga gurudumu la nyuma.

Namna ya kuhakikisha

Desturi ya mafundi ni kwenda dukani na kipuri cha zamani kama sampuli. Njia hiyo inafaa kwa umbo, lakini kipuri kilichochakaa hakionyeshi kipimo chake cha awali. Hivyo sampuli hutumiwa pamoja na msimbo wa injini, na kipenyo hupimwa kwa kalipa.

Nchini Tanzania viwango vya ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia. Kipuri cha kampuni nyingine kinachouzwa kwa jina lake si bandia. Bandia ni kile kinachobeba jina la kampuni ambayo haikukitengeneza.

Namba ya injini huandikwa pia katika kadi ya usajili wa pikipiki. Kwa hiyo kubadilisha injini nzima, hata ikiingia kwenye fremu bila tatizo, huifanya pikipiki isilingane na kadi yake.