Kipaza sauti kipi? Simu ya ofisi ilivyonitatiza Homa Bay

TULIKUWA tumemzika shemeji yangu Jumamosi, na Jumatatu saa nne asubuhi nilitarajiwa kumtahini mwanafunzi wa uzamifu. Wanajopo wenzangu walikuwa Nairobi, wameizunguka simu ya mezani ya idara. Mimi nilikuwa bado Homa Bay, katika mkahawa unaotazama ziwa, kipakatalishi mbele yangu na visikizi masikioni. Orodha ya mahafali ilikuwa inafungwa Ijumaa hiyo. Mtahini asiyesikika ni sawa na mtahini asiyefika, na jopo lisipotimia utetezi huahirishwa. Kwa mwanafunzi yule, kuahirishwa kulikuwa na maana ya mwaka mwingine wa karo.

Simu ikalia, nikapokea. Niliwasikia wote, hata kikohozi cha mwenyekiti. Wao hawakunisikia. "Prof, upo? Prof?" Nilipayuka hadi mhudumu akaja mbio, "Mzee, kuna shida?"

Nikachukua rununu nikampigia kijana wa TEHAMA anayetuhudumia. "Prof, samahani, hebu angalia kipaza sauti," akasema. Nikaangalia. Nikaona kiko sawa, kwani si nilikuwa nawasikia? Nikamwambia kiko sawa. Akaniambia hakiwezi kuwa sawa. Dakika kumi zikayoyoma, yeye akizungumzia kile kinachopokea sauti yangu, mimi nikizungumzia kile kinachonitolea sauti yao. Na sote wawili, msomaji wangu, tulikuwa tunasema Kiswahili sanifu kabisa.

Ndivyo neno hili lilivyo. Mwanasiasa akisimama kuhutubia, twasema ameshika kipaza sauti. Yale madude yaliyofungwa juu ya gari lake nayo twayaita vipaza sauti. Mkutanoni haidhuru, maana mtu huonyesha kwa kidole. Lakini fundi aliye Nairobi anapomwelekeza mtu aliye Homa Bay hana kidole wala jicho. Ana maneno tu.

Heri nieleze kidogo chombo chenyewe. Simu ya kale ilikuwa waya, na neno lenyewe latokana na Kiajemi, sim, lenye maana ya waya. Nambari ya ofisi ilikuwa ya waya uliofika mezani pako. Simu ya intaneti imeing'oa nambari kwenye waya na kuitia katika akaunti, kwa hivyo ukiwa na programu na nywila, nambari yako inakufuata hata kijijini. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, vikasafirishwa kimoja kimoja na kuunganishwa upande wa pili. Haihitaji intaneti nyingi: aghalabu haifiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Inachohitaji ni vipande visichelewe. Shirika la kimataifa linalosimamia mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika.

Jambo wasilolijua wengi ni kuwa ishara inayoifanya simu ilie na sauti yenyewe hupita mbalimbali. Ndiyo maana simu huweza kulia, ikapokelewa, kisha upande mmoja ukawa bubu. Ukimsikia mwenzako naye hakusikii, anza na kile unachosemea. Je, kimezimwa? Programu imepewa ruhusa ya kukitumia? Imechagua kile cha visikizi au kile cha kompyuta? Vyote vikiwa sawa, ishuku waifai ya mahali ulipo, maana huenda inapitisha sauti upande mmoja tu. Ijaribu data ya rununu.

Turudi mkahawani. Kijana akasema, "Bonyeza hicho chekundu." Palikuwa na vyekundu viwili. Nikabonyeza kimoja, simu ikakatika.

Nimefundisha viashirio kwa zaidi ya miaka 30, na sijawahi kuonyeshwa udhaifu wao waziwazi hivyo. "Hicho" humtaka msemaji na msikilizaji waone kitu kimoja, au wawe wamekwisha kukitaja. Upatanisho wa ngeli ungetuokoa, lakini sisi waundaji istilahi tuna mazoea ya kuvisukumia vifaa vyote katika KI-VI: kipaza, kitufe, kisanduku, kiungo, kidokezo. Ukisema "hicho", umevitaja vyote.

Walipopiga tena, kijana aliacha istilahi. "Prof, sio ile unasikilizia. Ile unasemea. Iko na mstari mwekundu juu yake." Mwalimu wa sarufi angeitia kalamu sentensi hiyo. Mimi niliibonyeza ile ya kusemea, na mwenyekiti akasema, "Aa, sasa tunakusikia."

Tazama alichofanya. Alikichukua kitenzi, akakitia kauli ya kutendea, maana ikanyooka. Ndivyo babu zetu walivyotupa kikaangio kwa kukaangia na kikalio kwa kukalia. Basi kwa nini tusiwe na kisemeo na kisikilizio? Wapo watakaopendelea maikrofoni na spika, nami sina ugomvi nao. Hakuna atakayejaribu kumchomeka Spika wa Bunge kwenye kompyuta. Kipaza sauti nakiachia mikutano ya hadhara.

Kesho yake nilishika njia ya Rongo hadi Migori, nikafika karibu na Isebania. Huko simu ya ofisi ikaanza kusitasita, maneno yakifika nusunusu. Kijana akanishauri, "Toka kwa laini, halafu uingie tena." Kwa Mkenya laini ni ile kadi ndogo ndani ya rununu, nami nilikuwa natumia data ya rununu hiyo hiyo. Nikaichomoa. Kumbe alitaka nijiondoe kwenye akaunti ya simu ya ofisi tu! Mwenye duka mmoja ndiye aliyeiangalia rununu yangu akacheka: "Simu yako imeshavuka mpaka, mzee." Ilikuwa imedaka mtandao wa Tanzania, na sauti yangu ikawa inazunguka njia ndefu, na ghali, kabla ya kufika Nairobi. Akanionyesha pa kuchagua mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Usemi ukatulia.

Mwanafunzi alifaulu, kwa masharti ya masahihisho madogo, na jina lake likawahi orodha. Kijana wa TEHAMA nilimwuliza kama atatumia "kisemeo" anapowahudumia wengine. Akasema atajaribu, Prof, ila wenzake wakimcheka atarudia "maiki".