Tambaeni Kidogo Muone

Wajukuu zangu, sogeeni hapa. Leo sina hadithi ya sungura wala fisi. Nina mtoto mmoja tu, hajatimiza miaka miwili, yuko jikoni na dada yake wa darasa la nne. Mama ameenda kisimani.

Kabla hatujaendelea, hebu pigeni magoti mtambae kama yeye. Mnaona nini? Mkono wa kikaango umechomoza nje ya jiko. Pindo la kitambaa cha meza linaning'inia, na juu yake imesimama chupa ya chai. Pale chini, kando ya gunia la mkaa, kuna chupa ya soda. Ninyi mnajua ni mafuta ya taa, harufu yake mnaifahamu. Mtoto anachojua ni kwamba sikukuu alipewa chupa kama ile, ikawa tamu.

Anaifungua, anapiga funda moja. Anakohoa, machozi yanamtoka. Dada anataka kumtia kidole kooni atapike. Jirani naye anakuja mbio na kikombe cha maziwa. Ngojeni, wote wawili! Mafuta ya taa ni mepesi mno. Yakipanda tena kooni huteleza yakaingia njia ya hewa mpaka mapafuni, mapafu yakavimba, mtoto akakosa pumzi. Maziwa nayo yanaweza kumtapisha. Basi hatapishwi wala hanyweshwi kitu. Anavuliwa nguo iliyolowa mafuta, anakimbizwa hospitali, na chupa ile inabebwa ili daktari aione.

Huyu wetu alipona, nami nafurahi kuwaambia hivyo. Wengi hawaponi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kuwa zaidi ya watoto 2,000 duniani walikuwa wakifa kila siku kwa ajali. Mtawasikia wakubwa wakisema ajali haina kinga. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao. Mafuta yale yangekaa kwenye dumu lake, kifuniko kimekazwa, juu asipofika, siku ile ingepita kama siku nyingine. Wala msiniambie mtoto alikuwa mtundu. Alikuwa na kiu.

Ndoo nayo msiidharau. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa kiwiliwili chake. Akichungulia akatumbukia, hawezi kujinyanyua, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Mara nyingi hata sauti hamuisikii. Mkimaliza kufua, mwageni maji na ndoo muifudikize. Pipa lifunikwe.

Na moto? Geuzeni mkono wa kikaango uelekee ukutani, uji uliotoka jikoni msiuweke sakafuni. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana. Dawa ya meno, unga, asali, yai, vyote hapana, hata kama bibi wa jirani ameapa kwamba vinaponya. Kisha apelekwe hospitali.

Kesho mkitoka shule, tambaeni kila chumba nyumbani kwenu, mguse kila mnachokifikia. Chupa ya dawa, wembe, sumu ya panya: msivihamishe wenyewe, mwiteni baba au mama aje aone mlichokiona. Akisema ana kazi, mwiteni tena.