Kompyuta ya ABS: Kuipima na Kuibadilisha Nyumbani

Kompyuta ya ABS ni kisanduku cha plastiki kinachotosha kiganjani, kilichofungwa ubavuni mwa bonge la aluminiamu ambamo mabomba ya breki hupita kabla ya kuelekea magurudumuni. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisigande pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililoganda huburuzwa barabarani badala ya kuzunguka, na gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanaburuzwa haliufuati usukani, hata ukikatwa hadi mwisho. Kompyuta hiyo ikifa, taa ya njano yenye herufi ABS huwaka kwenye dashibodi na haizimiki. Gereji nyingi zina jibu moja kwa taa hiyo: pampu nzima ibadilishwe. Jibu hilo ni ghali na mara nyingi si la lazima, kwa sababu kinachoitwa pampu ya ABS ni vifaa vitatu vilivyokumbatiana, na katika magari mengi kimojawapo kinaweza kutolewa peke yake, uani, bila kumwaga tone la mafuta ya breki.

Katikati lipo bonge lenye vali. Upande mmoja imefungwa mota inayozungusha pampu ndogo, na upande wa pili imekaa kompyuta. Kwa kawaida kila gurudumu lina vali mbili: ya kuingizia hukaa wazi muda wote, ya kutolea hukaa imefungwa. Kwenye gurudumu kuna sensa inayosoma meno ya pete inayozunguka pamoja nalo. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapoteza mwendo ghafla kuliko mengine, hufunga vali ya kuingizia ili presha isiongezeke. Gurudumu likizidi kuelekea kuganda, vali ya kutolea hufunguliwa, presha ikashuka, na pampu ikayarudisha mafuta yaliyotoka. Gurudumu likishika mwendo tena, presha hurudishwa. Mzunguko huo unaweza kurudiwa zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja, na ndio mtetemo ambao mguu huusikia kwenye pedali. Koili za sumaku zinazoendesha vali hizo hazimo ndani ya bonge. Zimo ndani ya kompyuta, zikiwa na matundu katikati, nazo zimevishwa juu ya vijiti vya vali kama pete vidoleni. Vijiti vimezibwa, mafuta hayavuki. Umbo hilo ndilo linaloifanya kazi hii iwezekane nyumbani.

Mpangilio wa vali una busara nyingine. Umeme ukikatika, za kuingizia hubaki wazi na za kutolea hubaki zimefungwa, hivyo breki hufanya kazi kama za gari la zamani lisilo na ABS. Gari linaweza kurudishwa nyumbani kwa mwendo wa pole. Lakini ikiwa taa nyekundu ya breki nayo imewaka, jambo limekuwa zito zaidi. Katika magari mengi kompyuta hiyohiyo hugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Kazi hiyo ikikoma, magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kabla ya yale ya mbele, na gari likageuka mkia mbele. Taa nyekundu pia huwaka mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo chupa ya mafuta ndiyo ya kutazamwa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Bosch ilipoanza kuuza ABS ya kielektroniki mwaka 1978, ikifungwa kwanza kwenye Mercedes-Benz S-Class, kompyuta ilikuwa kisanduku cha peke yake kilichounganishwa na vali kwa waya. Katika miaka ya 1990 watengenezaji waliiunganisha na bonge. Mfumo ukawa mwepesi, waya zikapungua, ila kompyuta ikahamia kwenye joto na mtikisiko wa chumba cha injini. Plastiki na metali hutanuka kwa viwango tofauti vikipata joto, na viungio vyembamba vilivyo kati yao huvutwa na kuachiwa kila safari. Baada ya miaka kadhaa kiungio hupasuka ufa usioonekana kwa macho, hasa pale unapopita umeme mwingi wa kuendesha mota ya pampu. Dalili yake ya mwanzo hupotosha: taa huwaka gari likishapata joto, kisha asubuhi gari linaamka zima. Audi A4 na Volkswagen Passat za mwisho wa miaka ya 1990, zenye mfumo wa Bosch 5.3, ni mfano unaojulikana sana. Mashine ya kupimia husoma namba 01276, inayoilaumu mota ya pampu, au 65535, inayoilaumu kompyuta yenyewe. Pengine hutokea namba za sensa ambazo zenyewe ni nzima.

Hapo ndipo penye kazi halisi. Kufungua na kufunga kompyuta huchukua saa moja au mbili; kuthibitisha kwamba ni yenyewe iliyokufa huhitaji subira, na hakuna hatua inayorukwa mara nyingi kama hiyo. Taa ya ABS haisemi kompyuta imekufa. Inasema tu kwamba kompyuta imeona jambo isilolikubali na imejitoa kazini. Jambo hilo mara nyingi liko gurudumuni.

Kusoma namba za hitilafu hakuhitaji kila mara mashine ya bei kubwa, ingawa zile za bei ya chini kabisa husoma injini tu na haziifikii ABS. Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, zilizojaa barabara za Afrika Mashariki kutoka Japani, hueleza ugonjwa wao kwa taa yenyewe. Kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, tundu la 4 na la 13 huunganishwa kwa kipande kifupi cha waya, kisha swichi huwashwa bila kupiga stata. Taa ya ABS huanza kupepesa. Kupepesa kwa mfululizo usiobadilika maana yake hakuna hitilafu. Mapigo matatu, kituo, kisha pigo moja ni 31, sensa ya mbele kulia. Namba 32 ni ya mbele kushoto, 33 ya nyuma kulia, 34 ya nyuma kushoto, na 41 ni umeme mdogo wa betri. Matundu yahesabiwe mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwani tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja na la 4 ni hasi: kuyaunganisha hayo mawili ni kuunguza fyuzi, au zaidi.

Namba ikitaja sensa, gurudumu lipandishwe jeki, liwekewe stendi, na waya ya sensa ifuatwe kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Waya hiyo hukunjwa kila gari linapokata kona, na mara nyingi hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Sensa za zamani, zilizo koili na sumaku tu, hupimwa kwa mita ya umeme: nyingi husoma karibu omu 1,000, na gurudumu likizungushwa kwa mkono hutoa umeme mdogo wa kupanda na kushuka. Sensa za kisasa zina elektroniki ndani na hutegemea umeme kutoka kwenye kompyuta. Hizo hazipimwi kwa omu, maana mita yenyewe inaweza kuziharibu. Hupimwa kwa kutazama mwendo wa kila gurudumu kwenye mashine wakati gari linatembea. Gurudumu moja likisoma sifuri huku matatu yakisoma kilomita 20 kwa saa, mahali pa kutafuta pamejulikana.

Kosa moja la gereji linastahili kutajwa kwa sababu halionekani. Katika magari mengi mapya, pete ya meno imegeuzwa kuwa ukanda wa sumaku uliofichwa kwenye sili ya beringi ya gurudumu. Beringi ina pande mbili zinazofanana kwa macho, lakini ni moja tu yenye sumaku, na lazima itazamane na sensa. Fundi akiigeuza, gurudumu litazunguka vizuri bila kelele na taa ya ABS itawaka siku hiyohiyo. Kutu nayo ina hila zake. Mwaka 2005 General Motors iliyaita magari yake ya 1999 hadi 2002, pikapu na magari makubwa ya familia, katika majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Kutu ilikuwa imejijenga chini ya sensa za mbele, ikaziinua, pengo likaongezeka na ishara ikadhoofika, na ABS ikawa inashtuka yenyewe gari likikaribia kusimama. Kompyuta ilikuwa ikitii ishara mbovu iliyoletewa.

Sensa zikishasafishwa jina, hufuata umeme. Kompyuta ya ABS huwa na fyuzi kubwa mbili, ya mota na ya vali, na hizo hukaguliwa kwa mita badala ya macho. Betri nzima iliyopumzika husoma takribani volti 12.6. Waya hasi ya kompyuta, ambayo hufungwa kwenye bodi au chesesi, ifunguliwe, isuguliwe kwa msasa na kufungwa upya. Kutu ya hapo huiga kifo cha kompyuta kwa ukamilifu. Katika mifumo kama Bosch 5.3, ambako mota ina plagi yake ya nje, inaweza kupewa umeme wa betri kwa sekunde moja tu. Ikinguruma huku kompyuta ikidai haifanyi kazi, mshitakiwa amepatikana.

Kabla ya kununua, aina ya gari huamua njia. Magari mengi ya Ulaya na Marekani yana kompyuta inayochomoka kutoka kwenye bonge. Kwa Toyota nyingi, bonge na kompyuta huuzwa kama kitu kimoja, na kwa hizo kazi inakuwa ya kufungua mabomba, jambo jingine kabisa. Kompyuta ya mtumba, iwe ya Kirinyaga Road Nairobi, Kisekka Kampala au Gerezani Dar es Salaam, lazima ifanane na ya zamani kwa namba nzima ya spea hadi herufi ya mwisho. Visanduku viwili vyenye sura moja vinaweza kuwa vya uzito tofauti wa gari au ukubwa tofauti wa tairi. Wapo pia mafundi wa elektroniki wanaokarabati kompyuta ileile ya mwenye gari, na njia hiyo ina faida kubwa: programu yake hubaki. Kuikarabati mezani bila uzoefu ni bahati nasibu. Kifuniko kimegandishwa na hukatwa taratibu kwa kisu, na kompyuta nyingi ndani yake zina nyaya za aluminiamu nyembamba kama unywele, na risasi ya kawaida ya kulehemu haishiki kwenye aluminiamu.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua waya hasi ya betri na kusubiri dakika chache. Eneo lote hupulizwa na kupanguswa, kwa kuwa mchanga ukiingia kati ya koili na vijiti utabaki humo. Mara nyingi hulazimika kusogeza tangi la akiba la maji ya rejeta au boksi la chujio la hewa ili mkono upite. Plagi kubwa ya kompyuta ina wenzo wa kufungia: huinuliwa, nayo plagi hutoka bila kuvutwa kwa waya. Skrubu, kwa kawaida nne hadi sita za kichwa cha nyota, hufunguliwa kwa biti iliyokaa sawasawa. Kichwa kikilika mahali finyu namna ile, kazi ya saa moja huwa ya siku nzima. Kisha kompyuta huvutwa kwa kunyooka. Haipindwi, na haichokonolewi kwa bisibisi, maana vijiti vya vali vikipinda bonge lote limekwisha. Ikigoma, hutikiswa kidogokidogo kwa vidole mpaka gundi ya sili iachie. Mabomba ya breki yaliyo jirani yasikunjwe wala kutumiwa kama mshikio.

Vijiti vikionekana vina unyevu wa mafuta, sili ya bonge imevuja na kompyuta mpya itaangamia vilevile. Hapo bonge lenyewe lina kesi. Vikiwa vikavu, uso wa bonge hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Anayeshika kompyuta mpya aguse kwanza chuma cha gari ili umeme tuli wa mwilini utoke. Kompyuta huvishwa juu ya vijiti vyote kwa pamoja, bila nguvu, na skrubu hukazwa kwa mkingamo, kidogokidogo, hadi kipimo kidogo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zikikazwa kama nati za gurudumu hupasua plastiki.

Katika magari mengi hubaki kuifundisha kompyuta gari lililoibeba: aina ya injini, gia na tairi. Hilo hufanywa kwa mashine inayofahamu gari husika. Gari lenye udhibiti wa kuteleza huhitaji pia sensa ya pembe ya usukani irudishwe kwenye sifuri. Na ikiwa bomba lolote lilifunguliwa, kutoa upepo kwa pedali peke yake huenda kusitoshe. Hewa huweza kujificha nyuma ya vali zilizofungwa, na katika magari mengi ni mashine inayoweza kuamuru vali na pampu zifanye kazi ili itoke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo hutumika ya chupa isiyowahi kufunguliwa, na yakidondoka kwenye rangi ya bodi huimenya.

Namba za zamani hufutwa na swichi huwashwa. Taa ya ABS inapaswa kuwaka sekunde chache kisha kuzimika yenyewe; taa isiyowaka kabisa si habari njema, huenda imeungua au imezimwa na mtu. Gari likianza kutembea, katika modeli nyingi hutokea mngurumo mfupi wa pampu ikijipima. Jaribio la mwisho hufanywa kwenye njia tupu ya changarawe, kwa kilomita 30 kwa saa, mikanda imefungwa na hakuna mtu nyuma. Pedali ikikanyagwa kwa nguvu zote inapaswa kutetemeka chini ya mguu, na gari likaendelea kufuata usukani hadi linaposimama. Namba husomwa tena baada ya jaribio hilo, injini ikiwa na joto kamili, kwa sababu ufa wa kiungio hujitokeza wakati wa joto.