Mtungi mkongwe: uanze au ukae benchi?

MLALI, Mvomero: Hapa chini ya milima ya Uluguru mchezo ni soka, bahari iko mbali. Lakini kijana wa Mlali akishuka Nungwi au Mafia kutafuta riziki, anaweza kujikuta anajaza hewa mitungi ya wazamiaji. Hiyo namba ni ngumu kuliko ya kipa.

Piga hesabu. Sheria ya 2 ya soka inataka presha ya mpira iwe kati ya 0.6 na 1.1. Mtungi wa alumini hujazwa hadi kama 200. Mpira ukipasuka watu wanacheka. Mtungi ukipasuka ni msiba, na mingi iliyopasuka duniani ilikuwa inajazwa, haikuwa chini ya maji.

Je, ya zamani itupwe yote? Hapana. Umri peke yake si kadi nyekundu. Beki wa miaka 36 anayejitunza bado anacheza. Tatizo ni alumini aina ya 6351, ambayo shingo yake huweza kuota ufa polepole hata mtungi ukiwa umekaa tu na presha yake. Kampuni ya Luxfer ilihamia aina ya 6061 kule Marekani mwaka 1988.

Kwa hiyo soma tarehe iliyogongwa begani. Ukiwa wa kabla ya 1990, shingo ipimwe kwa kifaa maalumu cha kutafuta nyufa. Bosi akisema "mbona tunaujaza kila siku", goma.

Na ukistaafu, usipelekwe skrepa mzima mzima. Toa hewa yote, ng'oa valvu, toboa, ndipo uyeyushwe uwe sufuria.