Kiunzi, kiolezo au kigezo? Somo la tovuti kutoka mlango wa Amu

Anayejifunza kutengeneza tovuti kwa lugha ya PHP hukutana mapema na dhana mbili ambazo Kiswahili kimeziwekea maneno matatu: kiunzi, kiolezo na kigezo. Wapo wanaoyatumia kiholela. Wapo pia wanaosema, “Aa, tabu yote ya nini? Tuyaache kwa Kiingereza.” Leo, msomaji, natuyapambanue, kwani mara nyingi anayeyachanganya maneno haya huichanganya na kazi yenyewe.

Tuanzie Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji kinachosifika kwa uundaji wa vyombo vya baharini. Huko chombo hakitengenezwi tu, huundwa. Kitenzi unda ndicho kinachotupa mwunzi, kama vile linda linavyotupa mlinzi na penda linavyotupa mpenzi. Hicho hicho kinatupa kiunzi, yaani mifupa inayobeba kitu kizima. Wanataaluma wetu wamezoea kusema “kiunzi cha nadharia”. Basi Laravel, iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, nayo ni kiunzi: kazi za msingi ambazo kila tovuti inazihitaji zimekwisha kufanywa, na mwandishi wa programu anajenga juu yake.

Kiolezo ni kitu kingine. Kuoleza ni kufuatisha mfano uliopo, na kiolezo ndicho huo mfano unaofuatishwa. Ndani ya kiunzi kimoja mnaweza kuwa na violezo vingi vya kurasa.

Faida yake ni ipi? Tuseme kijana wa Lamu ameitengenezea shule tovuti ya kurasa 40. Kila ukurasa una nembo juu, menyu, na nambari ya simu chini. Kwa kuwa alinakili ukurasa wa kwanza mara 39, nambari hiyo imeandikwa mahali 40. Siku simu inapobadilishwa, inambidi afungue faili 40. Akisahau mbili, mzazi atapiga nambari iliyokufa, aseme shule haipokei simu. Kosa hapa si la mzazi wala la kompyuta, ni la mpangilio.

Dawa yake inafanana na mlango wa Kiswahili kama ile inayoonekana katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mlango una miimo miwili kandoni na vizingiti juu na chini. Hiyo ni fremu, nayo imekaa ukutani haitikisiki. Ndani yake mna mbao mbili zinazofunguka. Ubao ukioza, fundi huutoa akatia mwingine, na miimo ikabaki pale pale.

Kurasa nazo hupangwa hivyo hivyo. Katika Blade, mfumo wa violezo wa Laravel, huandikwa faili moja ya fremu yenye nembo, menyu na sehemu ya chini. Mahali pa habari yenyewe huachwa wazi kwa amri ya @yield. Kila ukurasa huanza kwa @extends, kama kusema “mimi nakaa ndani ya fremu ile”, kisha hujaza nafasi iliyoachwa kwa @section. Vipande vidogo, kama vile menyu, huwekwa katika faili zake na kuitwa kwa @include. Nambari ya simu sasa iko mahali pamoja tu. Ibadilishe mara moja, kurasa zote 40 zimebadilika.

Bado kuna utaratibu wa kuviweka. Fremu zikae kwenye folda yake, vipande kwenye yake, na kurasa zigawanywe kwa mada: walimu, masomo, matangazo. Faili ipewe jina la kazi yake, si sura yake. Ukiita kipande “sanduku-jekundu”, mwakani likipakwa kijani jina litakuwa uongo, kiite “tangazo”. Tena usiharakishe kukata vipande. Kitu kilichotokea mara moja hakihitaji kiolezo. Kikirudiwa mara ya tatu, hapo kitoe. La mwisho, kiolezo kionyeshe tu. Kazi ya kutafuta habari katika hifadhidata na kupiga hesabu ifanywe kwingine, la sivyo hutajua kosa umelitafute wapi.

Sasa, kigezo kimeingiaje? Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaendeshwa kwa MediaWiki, programu iliyoandikwa kwa PHP. Kurasa zake zinazotumika ndani ya kurasa nyingine huitwa “Kigezo”. Makala fupi kuhusu mahali nchini Kenya huweza kuwekewa kigezo kinachomwambia msomaji kwamba makala hiyo bado ni “mbegu” na kumwalika aiongezee habari. Mwandishi huweka jina la kigezo kati ya mabano mawili ya mawimbi kila upande, maneno yote yakatokea. Kigezo kikirekebishwa, kila makala inayokitumia hurekebika. Kikiharibiwa, zote huharibika. Ndiyo maana vigezo vinavyotumika sana huweza kufungwa visihaririwe na kila mpita njia.

Jina hilo halikukosewa. Kugeza ni kuiga, na kigezo kwa asili ni mfano wa kuigwa. Lakini katika matumizi ya leo neno limeegemea upande mwingine: vigezo vya kusahihisha insha, vigezo vya kuajiri. Mwanafunzi akiambiwa “fungua folda ya vigezo”, atatarajia masharti ya kupimiwa kazi, kumbe ni kurasa za kufuatishwa. Kwa hiyo nashauri darasani tuseme kiolezo, kigezo tukiachie upimaji, na kiunzi kibaki cha mfumo mzima. Wanawikipedia waendelee na neno lao, kwani limekwisha zoeleka kwao.

Yule kijana wa kurasa 40 si lazima ajifunze haya yote kwa Kiingereza kwanza. Mwambie mwimo haunakiliwi kila ubao unapobadilishwa. Atakuelewa, maana miimo anaiona kila anapotoka nyumbani.